Pakiti ya sigara unauziwa shilingi 80, ushuru wake peke yake ni 82. Usitume hiyo pesa

Usitume. Kama hujatuma hata shilingi, simu iweke chini usome hapa kwanza. Kama amana umeshatuma, mwambie mzigo hutaki, na hiyo amana aile. Itakuuma, lakini itakuuma kidogo kuliko mzigo wenyewe ukishaingia dukani kwako.

Kwa mliochelewa kufika: kijana yuko Mtwapa, anafungua duka la jumla, na amepata mtu wa kumletea sigara kwa shilingi 80 pakiti ya 20. Katoni kumi kubwa, nusu ya pesa itangulie kabla ya Ijumaa. Anauliza ushuru wa sigara hulipwa na nani, anahitaji kibali gani, kama anaweza kuuza moja moja, mambo ya vape, zile sigara za kielektroniki, yakoje, na kama anaruhusiwa kubandika matangazo ya sigara mlangoni. Majibu nimeyasoma yote. Kuna aliyemwandikia "changamkia fursa kaka, mwenye duka haulizwi mambo ya ushuru." Maneno hayo hayo niliambiwa mimi Januari 2024, nimekaa kwenye kigoda changu sokoni Kongowea, Mombasa, na niliyaamini. Ndiyo maana naandika saa hizi za usiku, na mtanisamehe salamu zimenipita.

Mwanangu, fanya hesabu na mimi.

Hapa Kenya sigara haitozwi ushuru wa bidhaa kwa asilimia ya bei. Inatozwa kwa kuhesabiwa. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 kiwango ni shilingi 4,100 kwa kila sigara elfu moja, iwe na kichungi au isiwe nacho. Gawanya kwa elfu, upate shilingi 4 na senti 10 kila sigara. Pakiti ya 20 ni shilingi 82. Hapo tumbaku haijanunuliwa, karatasi haijakatwa, mashine haijawashwa, dereva hajala, na hakuna aliyepata faida hata ya peremende. Halafu kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, nayo inapigwa juu ya bei ambayo ushuru umeshaingia ndani yake. Kwa hiyo hata kama kiwanda kingeamua kutoa sigara zake sadaka, 82 na VAT yake ni 95 na senti 12.

Wewe unauziwa 80.

Nani huyo alipe 95 serikalini halafu akuuzie wewe kwa 80? Mjomba wako? Hata mjomba hafanyi hivyo. Ushuru wa mzigo huo haujalipwa, na hakuna maelezo mengine. Si ofa ya mwisho wa mwezi, si kiwanda kinapunguza stoo, si mtu ana shida ya haraka ya pesa. Bei yenyewe imeshakiri.

Hesabu hiyo ni ya dakika mbili na inafanywa kwa simu ya kubonyeza. Mimi niliifanya baada ya kila kitu kwisha, kwenye benchi la ushoroba wa mahakama, nikifundishwa na wakili wangu nyuma ya risiti ya nauli. Wakati wangu kiwango kilikuwa 4,067.03 kwa elfu, kiwango kilichokuwapo tangu Oktoba 2022, kwa hiyo pakiti yenye kichungi ilikuwa na ushuru wa shilingi 81 na senti 34. Mimi niliuziwa 75. Nikafurahi. Nikampa na chai.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, kwa sababu naona huyo mtu wako na yule wangu wamesoma chuo kimoja.

Aliletwa na jirani yangu wa kibanda, mtu niliyefanya naye kazi ukuta kwa ukuta miaka tisa, tukichungiana duka wakati wa sala na kukopeshana chenji. Kijana mtaratibu, shati limepigwa pasi, anaingia na shikamoo, ananiita mamangu. Akasema kuna sigara zilikuwa za kwenda Congo, mwenyewe ameshindwa kulipia stoo bandarini, basi zinatolewa kwa bei ya kutupa kabla hazijaharibika. Kila kitu kilikuwa na maelezo. Mombasa hii, nani hajawahi kusikia habari ya mzigo uliokwama bandarini? Nguo tunauziwa hivyo, mchele tunauziwa hivyo. Uongo wake aliushona kwa kitambaa ninachokijua.

Nilimuuliza stempu, ile inayobandikwa kwenye pakiti kuonyesha ushuru umelipwa. Naomba hili liandikwe, kwa sababu kuna watakaokuja hapa na "tamaa mbele, mauti nyuma." Ndugu zangu, hiyo wekeni. Nimesomewa na mama, na shangazi, na muuza madafu ambaye hata hatujuani. Niliuliza. Akacheka kwa adabu akasema, "Mamangu, stempu ni kazi ya kiwanda. Mwenye duka haulizwi stempu, anaulizwa kodi ya nyumba." Kisha akatia mkono mfukoni akatoa pakiti moja. "Ipige mwenyewe."

Nilikuwa na Soma Label kwenye simu, ile programu ya KRA, mamlaka ya kodi, ya kusoma stempu. Niliiweka 2019, stempu zilipoingia kwenye maji ya chupa na juisi, maana nilikuwa nauza maji. Nikaipiga ile pakiti. Ikasoma. Jina la sigara likaja, mtengenezaji akaja, kila kitu kikalingana na kilichoandikwa kwenye pakiti. Moyo ukatua tuli.

Hapo ndipo nilipopotea. Msipitie haraka, kwa sababu kila kitu kingine nilichokosea kilizaliwa hapo. Pakiti ile ilikuwa halali. Ilikuwa na stempu ya kweli kwa sababu ilinunuliwa dukani, kama wewe na mimi tunavyonunua mkate. Haikuwa na uhusiano wowote na mzigo wangu. Nilikagua mfuko wake, sikukagua katoni zangu.

Mzigo ulikuja baada ya Isha, taa za soko zimeshazimwa nusu. Katoni sita, kila moja pakiti 500, jumla pakiti 3,000. Akafungua katoni moja juu mbele yangu, nikaona safu ya pakiti zenye stempu, nikagusa mbili, nikafunga. Dereva ana haraka, tumbo linaniuma kwa hofu ya pesa nyingi mkononi, kijana ananiambia "mamangu tusikae sana na mzigo nje." Nikatoa 225,000. Kati ya hizo 120,000 ni za chama chetu cha kuchangiana, zamu yangu niliyoingoja miezi kumi na mmoja. Zilizobaki ni za duka na za karo ya mwanangu wa pili.

Katoni ya kwanza niliiuza wiki mbili, pakiti kwa 95. Faida shilingi elfu kumi. Hiyo ndiyo faida yote niliyowahi kuiona kwa biashara ile, na niliwanunulia watoto viatu.

Jumanne ya wiki ya tatu wakaingia maafisa wanne. Siwalaumu, na sitaki mtu aje hapa kuniambia niliandamwa. Walisalimia, wakajitambulisha, wakaomba kuona sigara. Mimi kwa kujiamini nikawaletea katoni na kuanza kuifungua. Afisa mmoja, mwanamke wa rika langu, akaniambia, "Hapana mama, igeuze." Akaigeuza katoni chini juu. Akakata chini. Akachukua pakiti iliyokuwa imelala kwenye sakafu ya katoni, akaipiga na simu.

Haikusoma. Ya pili haikusoma. Ya tatu ilileta jina la sigara nyingine kabisa, kwa maana stempu ile ilikuwa kivuli cha stempu ya bidhaa nyingine, imetolewa kopi na kubandikwa. Ya nne haikuwa na stempu, sehemu yake tupu. Halafu akanionyesha kitu kilichonifedhehesha zaidi ya hata zile stempu, kwa sababu hakihitaji simu wala mtandao. Akaweka pakiti ya juu na pakiti ya chini ubavu kwa ubavu mezani. Ya juu ilikuwa na onyo la afya kwa Kiswahili. Ya chini haikuwa na neno la Kiswahili hata moja. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inataka onyo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, asilimia 30 ya uso wa mbele na asilimia 50 ya uso wa nyuma, na tangu Septemba 2016 pakiti zimewekewa picha. Pakiti iliyotengenezwa iuzwe Kenya inaongea Kiswahili. Mimi mzaliwa wa Kisauni, nimeuza sigara miaka kumi na minne, na katoni tano zilikaa chini ya meza yangu zikiwa bubu.

Akaniuliza ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA. Sina. Risiti yoyote? Sina. Nilikuwa na ujumbe wa M-Pesa wa sehemu ya malipo, na jina lililokuwa juu yake wala si la yule kijana. Namba ilikuwa imezimwa tangu siku ya tatu, nami nilidhani yuko safarini.

Kanuni za stempu za mwaka 2017 hazimwulizi mwenye duka kama alijua. Kuwa na bidhaa isiyo na stempu, au yenye stempu ya kughushi, kuiweka, kuionyesha, kuiuza, ni kosa la aliyekutwa nayo, na faini inaweza kupanda hadi milioni 5, au kifungo, au vyote viwili. Nililala kituoni usiku mmoja. Nilikubali kosa kwa sababu sikuwa na cha kukana, mzigo ulikuwa wangu na ulikuwa kwangu. Faini nilitozwa 200,000, wakili 45,000. Sigara zilichukuliwa zikaharibiwe. Jumlisha na 225,000 za mzigo, uondoe 47,500 za ile katoni niliyouza, inabaki hasara ya 422,500. Duka lilifungwa miezi miwili. Chama nilimaliza kukilipa mwaka jana mwezi wa Novemba, na nilibadilisha mtoto shule.

Na ile hesabu ya wakili ndiyo iliyonitoa machozi ushorobani, si faini. Sigara 60,000, kila moja shilingi 4.06703. Ushuru peke yake ni 244,021. Nilinunua tumbaku, karatasi, vichungi, pakiti, katoni, usafiri, stoo, na faida ya kila mtu aliyegusa mzigo ule, vyote kwa 225,000. Yaani nilipewa sigara bure na juu yake nikarudishiwa shilingi 19,021. Mtu akikurudishia pesa ili uchukue mzigo wake, ujue kuna kitu ndani ya mzigo anataka kukikwepa, na wewe ndiye anayekuachia.

Sasa huyo wa "changamkia fursa." Ndugu, wewe umewahi kuuza sigara wapi? Nani alikuambia mwenye duka haulizwi? Nionyeshe. Nimeuliza swali hili kwa sauti ya chini kwa sababu bado nina heshima yako, lakini kijana wa watu anakusoma na ana simu mkononi. Ushuru kweli hulipwa na kiwanda au na aliyeingiza bidhaa nchini. Hapo umesema kweli, na ndiyo nusu ya kweli inayoua. Mwenye duka halipi ushuru kwa mkono wake. Lakini ushahidi kwamba ushuru ulilipwa unakaa kwenye pakiti, na pakiti inakaa kwenye rafu yake. Mfumo mzima umejengwa juu ya hilo. Tangu 2013 sigara za Kenya ziko ndani ya mfumo wa kufuatilia bidhaa kwa stempu, kiwanda kinaomba stempu, kinahesabiwa stempu, kila pakiti ina namba yake. Serikali haiwezi kumkimbiza kila mtu anayevuka mpaka na gunia mgongoni. Duka halikimbii. Linafunguliwa saa moja asubuhi kila siku na lina jina mlangoni.

Yule kijana wangu naye alikuwa na nusu zake za kweli. Wiki ile ile aliyokuja, mahakama ya Shanzu ilikuwa imewaachilia watu 48 waliokamatwa kwa shisha, na mji mzima unalizungumza. Akaniambia, "Umeona mamangu? Hata shisha imeshinda. Serikali haina meno kwa tumbaku." Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kumbe kesi ile ilihusu kanuni za kupiga marufuku shisha za mwaka 2017, ambazo hazikupelekwa Bungeni inavyotakiwa. Haikugusa stempu, haikugusa ushuru, haikugusa sigara. Na kama ni habari ya meno, BAT yenyewe, kampuni kubwa ya sigara, ilizipeleka mahakamani kanuni za tumbaku za 2014, ikapanda nazo ngazi zote mpaka Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Kampuni ina mawakili wa kujaza basi. Mimi nilikuwa na wakili mmoja anayeandika nyuma ya risiti ya matatu.

Na jirani yangu. Huyu sitamtaja na wala msinibembeleze. Baadaye nilijua alipewa shilingi elfu nane kwa kunileta. Elfu nane. Anapita mbele ya meza yangu kila asubuhi, anasema "habari ya asubuhi," nami naitikia kwa sababu tumelelewa, lakini duka langu hachungi tena. Sala ikifika nafunga.

Kuna mwengine ameandika hapo juu kwamba makosa ni ya serikali, ushuru umepandishwa mno mpaka watu wanalazimika kununua za magendo. Hilo nalijibu kwa ufupi kwa sababu linamhusu kijana. Ni kweli tofauti ya ushuru ndiyo inayovuta magendo. Uganda sigara ya pakiti laini iliyotengenezwa huko ilikuwa ikitozwa shilingi 55,000 za Uganda kwa elfu, karibu nusu ya yetu kwa kiwango cha fedha cha wakati ule, na ndiyo maana mipakani Busia na Malaba hakulali mtu. Na zilizotengenezwa kwa ajili ya kwenda nje hazitozwi ushuru wa hapa, zikigeuzia njiani zikarudi sokoni, mwenye kuzigeuza anaweka 82 mfukoni kila pakiti. Lakini kusema ushuru wenyewe ni dhuluma, hapana. Baba yangu alivuta tangu nikiwa mdogo, na miaka yake ya mwisho alikuwa analala ameketi kwa sababu akilala chali hapumui. Nauza sigara kwa kuwa wateja wanazitaka na watoto wangu wanakula, lakini siwezi kukaa hapa nikalia kwamba sigara ni ghali. Iwe ghali. Kinachoniuma ni kwamba bei hiyo ghali ndiyo chambo wanachomtegea mtu wa duka dogo, na hakuna anayemfundisha kuihesabu.

Basi fanya hivi. Ni kitu kimoja tu, na nikikuona popote nitakuuliza kama ulikifanya: piga kwa simu pakiti utakayoilipia, usipige pakiti utakayoonyeshwa.

Maana yake mzigo uje kwanza, mchana, mahali penye mwanga na mtandao. Pesa iwe bado kwako. Katoni uchague wewe, usichaguliwe. Igeuze kama yule mama afisa alivyofanya, kata chini. Toa pakiti kutoka sakafuni, toa nyingine katikati, toa nyingine pembeni kabisa ambapo mkono unaingia kwa shida. Zipige na Soma Label moja moja na usome kilichoandikwa, usitosheke kwamba imelia. Jina la sigara lilingane na pakiti iliyo mkononi mwako. Zikisoma ishirini, ikakataa moja, rudisha zote. Mwenye mzigo halali atakungoja. Atachoka, atakuita mshamba, atasema wewe ndiye wa kwanza kumfanyia hivyo, lakini atakungoja, kwa sababu hana anachoogopa. Yule wangu, nina hakika ningesema "subiri nigeuze katoni," angekumbuka kwamba mama yake ni mgonjwa Voi.

Na kabla hata ya hiyo katoni kuja, ile hesabu ya 82. Ikibadilika sheria ibadilishe na wewe, maana viwango hivi haviketi. Mpaka Desemba 2024 sigara zisizo na kichungi zilikuwa 2,926.41 kwa elfu, sasa ziko sawa na zenye kichungi. Kuna wauzaji bado wanawaambia watu "hizi hazina kichungi, ushuru wake mdogo." Ulikuwa mdogo. Sasa haupo mdogo wala mkubwa, ni mmoja.

Ankara ya eTIMS usikubali "nitakuletea kesho." Ankara haiji kesho. Siku utakapoulizwa, ankara ndiyo itakayosema mzigo ulitoka kwa nani, na bila ya hiyo mzigo umetoka kwako.

Maswali yako mengine nayapitia tu, wengine watakusaidia. Kuuza moja moja: sheria ya 2007 inataka pakiti iliyofungwa, isiyopungua sigara kumi. Ndiyo, najua kila kibanda kuanzia Likoni mpaka Malindi kina glasi yenye sigara za moja moja. Umeuliza sheria, hiyo ndiyo sheria. Matangazo mlangoni hapana, usikubali hata mtu akikupa rangi ya bure na kukupakia duka zima, matangazo ya tumbaku yamepigwa marufuku na sheria hiyo hiyo. Chini ya miaka 18 usimuuzie, hata akisema ametumwa na babake na unamjua babake. Vape sijawahi kuuza, lakini hesabu ni ya namna ile ile: ile maji yake yenye nikotini ushuru ni shilingi 100 kwa kila mililita, kwa hiyo kichupa cha mililita 10 kina ushuru wa shilingi elfu moja. Ukiona kinauzwa 600 umeshajua. Vile vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo ni 2,000 kwa kilo. Kibali nimesahau uliulizaje, soma alichoandika yule wa Kilifi hapo juu, ameeleza vizuri.

Nimeona umeandika kwamba huyo mtu amekuonyesha pakiti moja ukaipiga ikasoma, na ndiyo maana umemwamini. Mwanangu, nilipofika sentensi hiyo mikono ilinitetemeka. Ni ile ile. Pengine ni yeye mwenyewe, mrefu mwembamba, ana alama ya kuungua kwenye kiganja cha kushoto? Ndicho kiganja alichonionyeshea pakiti.

Mwambie hivi, kwa maneno haya haya: "Leta katoni moja kesho saa nne asubuhi, nitaigeuza mbele yako, na pesa taslimu itakuwa mezani." Usiongeze kitu. Kisha njoo hapa uniandikie amejibu nini. Nimewasha arifa za uzi huu na simu naiweka kando ya mto.